Ukimwona Mwenzako wa Renjifainda Mjini: Mwongozo Kamili kwa Wapiga Picha wa Mkanda wa Arusha na Moshi

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, nilikuwa nimesimama karibu na Mnara wa Saa hapa Arusha nikisubiri magari yapungue nivuke. Upande wa pili kijana mmoja aliinua kamera ndogo nyeusi, akapiga, akaishusha. Hakutazama mgongo wa kamera. Dole gumba la mkono wa kulia likavuta kiwenzo cha kusogezea mkanda, likarudi, naye akaendelea na safari yake. Nikajua papo hapo kwamba ile ni renjifainda ya mkanda, yaani inayotumia filamu na si kadi, maana yangu ilikuwa shingoni. Nikaduwaa. Zikapita daladala mbili, na nilipopata upenyo wa kuvuka, hayupo.

Nilikuja kumpata baada ya miezi 7. Anakaa Ngarenaro, mimi nakaa Kaloleni. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Kumbe muda wote huo yeye alikuwa na chupa ya dawa ya kusafishia mikanda inaharibikia kabatini kwake, na mimi yangu inaharibikia kwangu. Kila mmoja anasafisha mkanda mmoja kwa mwezi, kisha anamwaga dawa iliyobaki kwa sababu imekufa. Wote wawili tulikuwa tunaagiza mikanda kwa shida, kila mtu kwa njia yake, tukilipa nauli mara mbili.

Nimeandika mwongozo huu ili wewe usipoteze miezi hiyo. Huku kwetu mwenye renjifainda anayeitumia ni mtu adimu, na anayejua kitu usichokijua kuhusu betri, fundi au mkanda huenda anapita mbele yako sasa hivi akielekea sokoni.

Hatua ya kwanza: ijue kamera kwa mbali

Renjifainda ni kamera ambayo hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha chake chenyewe, kilichoko juu, kando ya lenzi. Katikati ya kidirisha hicho kuna kiraka kidogo, mara nyingi cha rangi ya manjano, kinacholeta taswira ya pili kutoka kwenye kijidirisha kingine kilicho sentimita chache pembeni. Ukizungusha pete ya lenzi, taswira hiyo ya pili inasogea. Zikilaliana zikawa moja, umelenga sawasawa. Ni kama macho yako mawili yanavyokadiria umbali wa kitu.

Ukiwa upande wa pili wa barabara huwezi kuona kiraka, kwa hiyo tafuta umbo. Kamera za kutazama kupitia lenzi, kama Pentax K1000 au Canon AE-1, zina nundu juu katikati, ambamo mna prizimu. Renjifainda haina nundu: kichwa chake ni bapa toka mwanzo hadi mwisho, na usoni ina madirisha mawili au matatu ya vioo. Ukiona kichwa bapa na vioo viwili vinavyometa juani, simama utazame vizuri.

Kichwa bapa peke yake hakitoshi. Kuna kamera za kidijitali kama Fujifilm X100 zilizochongwa kwa sura hiyohiyo, na nimeshamfuata mtu mpaka mlangoni mwa benki kwa sababu ya mojawapo. Kinachotofautisha ni mwenendo wa mtu. Wa kidijitali anapiga, kisha anainamisha kichwa kutazama kioo. Wa mkanda anapiga, anavuta kiwenzo kwa dole gumba, na macho yake yanabaki kwa watu. Pia anapiga mara chache. Akipiga picha 8 za kitu kimoja mfululizo, huyo ana kadi, hana mkanda. Na ukiona Olympus Trip 35, yenye vijipovu vya kioo kuizunguka lenzi yake, jua hiyo ni kamera ya mkanda lakini si renjifainda, kwa sababu umbali wake unakadiriwa kwa alama tu. Mwenye nayo msalimie vilevile. Mkanda ni uleule.

Kwa aina, hizi ndizo unazoweza kukutana nazo:

Za Kijapani za lenzi isiyotoka, kama Yashica Electro 35 iliyoanza mwaka 1966, au Canonet QL17. Mimi ndizo ninazoziona zaidi, mara nyingi zikiwa zimetoka kabatini kwa baba au babu. Yashica ni kubwa na inang'aa, ukiiona mara moja hutaisahau. Shata yake, kile kizibo kinachofunguka kupitisha mwanga, iko ndani ya lenzi na mlio wake ni mdogo sana, kama mtu aliyegusa meza kwa ukucha.

Za Kisovieti: FED, zilizoanza kutengenezwa Kharkiv, Ukraine, mwaka 1934, na Zorki, zilizoanza kutoka kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow mwaka 1948. Zote mbili zinafuata nyayo za Leica II ya mwaka 1932, na lenzi zake hufungwa kwa skrubu ya milimita 39. Hili likumbuke, tutalirudia. Kiev ni ukoo mwingine, imetokana na Contax ya Ujerumani. Utamjua mwenye Kiev kwa vidole vyake: amevikunja kwa namna ya ajabu mkono wa kulia, kwa sababu kijidirisha cha pili kiko pembeni kabisa, na kidole kikikaa vibaya kinakiziba.

Halafu Leica zenyewe, za skrubu au za M, ukoo ulioanza na M3 mwaka 1954. Ukiona kamera bapa ambayo jina lake limezibwa kwa plasta nyeusi, mwenyewe anajua thamani yake na anaogopa vibaka. Usilitamke jina hilo kwa sauti mtaani.

Hatua ya pili: tazama kama huu ni wakati wake

Hatua hii ni fupi, lakini wengi wanairuka. Mtu akiwa ameweka kamera jichoni, au ameishika kifuani huku macho yamefuata kitu, yuko kazini. Mwache. Ukimwita umemharibia picha, na picha ya mkanda hairudiwi bure. Simama mahali atakapokuona, kamera yako ikiwa mbele, subiri avute kiwenzo na kushusha mkono.

Mtu aliye na mtoto mdogo, aliye msibani, au anayekimbilia basi, mpe tabasamu, inua kamera yako kidogo, mwachie hapo. Ishara hiyo ya kuinua kamera inaeleweka bila maneno.

Hatua ya tatu: salamu kwanza, kamera baadaye

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kijana kumkimbilia mtu na swali la kwanza likawa, "Hiyo ni kamera gani?" Yule mtu anabana mkoba. Kwetu hakuna mazungumzo yanayoanza bila salamu, na mwenye kitu cha thamani mkononi anahitaji salamu kuliko mtu mwingine.

Kwa mzee, shikamoo, na usiiseme huku unatembea. Simama. Moshi ukimwita "meku", yaani mzee kwa Kichagga, baada ya salamu utaona uso unafunguka. Mzee akijibu marahaba, usikimbilie kamera bado. Muulize habari za nyumbani na habari za kazi. Mzee mmoja niliyemkuta karibu na Soko Kuu la Arusha, ana kiti cha mbao nje ya chumba kilichokuwa studio yake, nilimsalimia wiki 3 mfululizo kabla ya kumwonyesha Zorki yangu. Alipoishika aliigeuza chini juu, akapuliza vumbi kwenye vidirisha, akaniambia pete ya kasi imelegea. Alikuwa sahihi. Wazee hawa waliosafisha picha za harusi na za pasipoti kwenye chumba cha giza wakati wengi wetu hatujazaliwa ndio wenzetu wa kwanza, hata kama leo hawana kamera shingoni. Ukiwaruka ukatafuta vijana peke yao umewaacha walimu nyuma.

Kwa rika lako, "mambo vipi" inatosha, na Arusha "chalii yangu" haikosi. Kwa dada usiyemfahamu punguza mbwembwe: "Habari dada, samahani kidogo," kisha onyesha kamera yako kabla hujafika karibu, ajue unafuata nini.

Mgeni ni kesi nyingine. Kandokando ya Mnara wa Saa na Barabara ya Boma wageni wanafuatwa mchana kutwa na maflaikacha, wale wanaotafuta wateja wa safari, na wauza batiki. Akisikia "rafiki!" nyuma yake anaongeza mwendo, na ana haki. Kwa hiyo usimwite wala usimfuate kwa nyuma. Zunguka uje kwa mbele, kamera yako ikiwa kifuani, iguse kwa kidole, tabasamu, sema "mambo." Akiiona kamera yako atasimama mwenyewe.

Sasa, kuna maneno mawili ya kuanzia ambayo mimi nayaamini kuliko yote, kwa sababu yanamsaidia mtu hapohapo.

La kwanza ni la kifuniko cha lenzi. Kwa kuwa mwenye renjifainda hatazami kupitia lenzi, anaweza kupiga mkanda mzima kifuniko kikiwa mahali pake na asijue. Kidirishani kila kitu kinaonekana safi. Ukimwona mtu analenga Mlima Meru na kifuniko hakijatoka, hapo usisubiri hatua ya pili wala ya tatu. Mwambie, "Samahani kaka, kifuniko!" Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa hilo.

La pili ni kinyume chake, na ni la mezani. Leica, Zorki na FED zina shata ya kitambaa, na mbele yake hakuna kioo cha kuikinga kama kwenye kamera zenye nundu. Kamera ikiachwa mezani lenzi ikitazama jua, lenzi inafanya kazi ya kioo cha kuwashia moto, na inaweza kutoboa kitambaa. Jua letu la saa sita halina mchezo. Ukiketi mgahawani Moshi ukaona Zorki imelala chali meza ya pili, nenda umwambie mwenyewe aigeuze au aifunike. Umeshapata rafiki.

Hatua ya nne: uliza yanayofaa

Usianze na bei. Bei inasikika na meza ya jirani, na stendi ina masikio mengi. Isitoshe inamfanya mtu ajisikie anakaguliwa. Usimuulize pia anakaa wapi.

Uliza mkanda gani upo ndani. Uliza umefika picha ya ngapi. Uliza anasafishia wapi, maana hapo ndipo penye siri zote za mji: nani bado ana dawa, fundi gani wa saa amekubali kufungua kamera, studio ipi inaskani negativu bila kuzikwaruza. Mwenye Yashica Electro muulize betri. Betri yake ya asili ilikuwa ya zebaki ya volti 5.6, na haitengenezwi tena. Wengi tunatumia ya volti 6 iitwayo 4LR44 na kipande cha kujazia nafasi, hata springi na karatasi ya alumini. Kama kamera yake haina betri na anadhani ni mbovu, mwambie shata yake inaendelea kufyatuka kwa kasi moja tu ya 1/500, na kwa jua la hapa hiyo inatosha kabisa kumaliza mkanda.

Halafu uliza anapenda kupiga nini. Swali hilo liache mwisho, kisha nyamaza usikilize. Kijana wa Ngarenaro aliniambia anapiga mikono ya mafundi cherehani, mikono tu, na tangu siku hiyo sijawahi kupita barazani kwa fundi bila kutazama mikono yake.

Hatua ya tano: kupeana kamera mkononi

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo urafiki unapovunjika.

Akikupa kamera yake, kitu cha kwanza vaa kamba shingoni. Kabla ya kutazama, kabla ya kusifia, kamba shingoni. Mikono kama ina mafuta ya chipsi au ya mishikaki, ifute kwanza. Usiguse kioo cha lenzi, na usiguse vidirisha vya mbele, maana alama ya kidole kwenye kijidirisha kidogo inafifisha kiraka na mwenyewe atadhani kamera imezeeka.

Usifungue mgongo wa kamera. Kamwe, hata ukiambiwa haina kitu. Mwenyewe ndiye afungue. Njia ya kujua kama mkanda upo ni kuzungusha taratibu kile kitasa cha kurudishia mkanda, kuelekea unakoonyesha mshale wake. Kikizunguka hovyo bila kugoma, labda ni tupu. Kikikaza, mkanda upo, acha hapohapo. Mkanda uliopata mwanga haurudi, na hakuna samahani inayorudisha picha za ubatizo wa mtoto wa mtu.

Usifyatue bila ruhusa. Kwako ni mlio mtamu, kwake ni picha 1 kati ya 36. Sema, "Nijaribu moja?" Akikubali, mpige yeye. Mwenye kamera hana picha zake mwenyewe, na atakukumbuka kila atakapoiona.

Kwenye Zorki na FED kuna sheria moja ambayo lazima uijue kabla vidole havijagusa kitasa cha kasi: vuta kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Ukizungusha kitasa kabla ya kuvuta shata unaweza kuvuruga mitambo ya ndani. Mimi niliazimisha Zorki yangu kwa mtu bila kumwambia hilo, na kosa lilikuwa langu; ilikaa kwa fundi majuma 6. Kwa hiyo ukiwa wewe ndiye unayetoa kamera, sema sheria zake kwa sauti kabla ya kuiachia mkononi. Haumdharau mtu. Kila kamera ya umri huu ina desturi zake kama nyumba ya mtu.

Jambo la mwisho hapa ni lenzi. Kama nyote mna kamera za skrubu ya milimita 39, lenzi zinaweza kubadilishana, na anayetumia Leica M anaweza kuivaa lenzi yako kwa pete ya kuunganishia. Ni raha kubwa. Lakini msibadilishane barabarani penye vumbi, na siku ya kwanza msiondoke na lenzi ya mwenzio. Jaribuni kwanza kama kiraka kinalenga sawa na lenzi ngeni. Lenzi ya Jupiter ya Kisovieti kwenye Leica inaweza kukosa umbali kidogo mkiwa karibu na kitu, hata kama kwa mbali iko sawa.

Hatua ya sita: pimeni kiraka pamoja

Hii ndiyo faida ya kwanza ya kuwa wawili, na haichukui dakika 5.

Zungusha pete mpaka alama ya mwisho, ile ya nane iliyolala. Tazama kitu cha mbali sana. Moshi tuna bahati ya Kibo: mlima ukifunguka, asubuhi mapema kabla mawingu hayajapanda, ukingo wa theluji dhidi ya anga ni mstari safi kuliko wowote utakaoupata mjini. Arusha tumia ukingo wa Meru, au mnara wa simu ulio mbali. Taswira mbili zikilaliana kabisa, kiraka kiko sawa kwa mbali. Zikiachana kushoto na kulia, kimesogea. Moja ikiwa juu ya nyingine, umbali bado unaweza kuupata, ila jicho litachoka.

Kisha pimeni karibu. Azimeni futi ya fundi cherehani, pimeni mita 1 na nusu kutoka mgongo wa kamera, ambako mkanda unakaa, mpaka kwenye maandishi ya ukutani. Lenga kwa kiraka, kisha soma pete inasemaje. Ikisema mita 1.5 au karibu na hapo, endelea kupiga kwa amani. Ikikosea, mwandikie mwenzako aende kwa fundi na takwimu hizo. Msichokonoe kwa bisibisi mezani. Na mtu asifute kiraka kwa spiriti kwa ndani: ule utando wa kioo kinachopitisha nusu ya mwanga unatoka, na ukitoka, taswira ya pili imekwenda nao.

Hatua ya saba: kutembea pamoja

Mkishazoeana, tokeni. Arusha napenda kuanzia Azimio, kushuka mpaka Soko Kuu, kumalizia Kilombero. Moshi, Kiborloni kwenye mitumba, halafu stesheni ya reli jua likiwa limelala.

Kubalianeni mwanga kabla ya kuondoka. Mita za kamera za zamani hudanganya, na za zebaki zinadanganya zaidi zikiwekewa betri mpya. Kanuni ya jua haina betri: jua kali, tundu la lenzi 16, kasi iwe karibu na namba ya mkanda. Mkanda wa 200, kasi 1/250. Mkanda wa 400, kasi 1/500. Mawingu mepesi, fungueni hadi 11. Kivuli cha turubai sokoni, 5.6 au 4. Mmoja akisoma mita yake na mwingine akihesabu kwa kanuni, mtajua haraka mita ipi imechoka.

Sokoni msilenge kila mara. Kwa lenzi ya milimita 35, weka tundu 8 na umbali mita 3, na kila kitu kuanzia kama mita 2 hadi 7 kitatoka vizuri bila kugusa pete. Na kwa vitu vya karibu kumbukeni kwamba kidirisha na lenzi haviko mahali pamoja. Ukimpiga mtu kwa mita 1, acha nafasi juu ya kichwa, la sivyo utamkata.

Wapiga picha wawili mbele ya mama mmoja mwenye ndizi ni kitu kinachotisha. Asalimie mmoja, aombe mmoja, apige mmoja. Mwingine asimame pembeni, anunue ndizi. Mama akikataa, mmekataliwa nyote wawili. Ndugu zetu Wamasai sokoni wamechoka kupigwa kama mandhari. Ongeeni nao kwanza, na kama hakuna mazungumzo hakuna picha. Kambi za jeshi, vituo vya polisi na walinzi wenye silaha waacheni kabisa. Kamera ya zamani haimfanyi askari akuone mtalii.

Mkisafisha, chapisheni picha mbili tatu na kuzirudisha kwa waliopigwa. Kiborloni sasa ninaitwa kwa jina kwa sababu ya bahasha moja.

Hatua ya nane: mgeni anayeondoka

Mgeni aliyeshuka mlimani mara nyingi anabaki na mikanda ambayo hakuitumia, na bado ana uwanja wa ndege mbele yake. Mashine za kukagulia mizigo zinaweza kuunguza mikanda, hasa zile mpya za kisasa na zile za mizigo mikubwa. Mshauri mikanda aliyopiga asiiweke kwenye sanduku kubwa, aibebe mkononi kwenye mfuko unaoonyesha ndani, na aombe kwa upole ikaguliwe kwa mkono. Ile mipya ambayo haijapigwa, muulize kama angependa kukuuzia. Toa bei ya haki, usiombe bure. Usimtume mtu uliyekutana naye leo akuletee kitu mwakani. Mpe anwani yako, aamue mwenyewe.

Hatua ya tisa: chupa moja

Sasa nirudi kwenye zile chupa mbili za Ngarenaro na Kaloleni.

Lita 1 ya dawa ya D-76 isiyozimuliwa inasafisha mikanda 4. Ikijaa chupani mpaka shingoni na kifuniko kikakaza, inakaa miezi 6. Chupa ikiwa nusu, hewa imeingia, ni miezi 2. Mtu anayepiga mkanda 1 kwa mwezi, akisafisha kila mmoja peke yake na kuirudisha dawa kwenye chupa ileile inayopungua, atamwaga nusu ya fedha yake. Watu wawili wanaokusanya mikanda 4 na kukaa jioni moja wanaimaliza lita yote ikiwa na nguvu.

Gawaneni hivi. Mmoja anunue dawa, mwingine anunue fiksa, dawa ya kuimarisha picha isiharibiwe na mwanga, na awe na tangi la kusafishia. Chagueni nyumba yenye chumba kisicho na dirisha, au subirini usiku. Leteni mikanda ya aina moja, kwa sababu muda unatofautiana: HP5 Plus kwa D-76 isiyozimuliwa ni dakika 7 na nusu, Tri-X ni chini ya dakika 7, zote kwenye nyuzi 20. Maji ya bomba ya Moshi wakati wa joto hayashuki hadi nyuzi 20 yenyewe. Wekeni chupa kwenye beseni lenye barafu na kipimajoto, mmoja akiangalia nyuzi huku mwingine anapakia mkanda gizani. Barafu ya wauza samaki inatosha. Msiisafishe mikanda yote ya mtu mmoja pamoja siku ya kwanza. Changanyeni, mmoja wako na mmoja wake, ili kosa likitokea lisimwangukie mmoja.

Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha ndani yake. Isiende mto Themi wala kwenye mfongo unaomwagilia migomba ya watu. Tunaikusanya kwenye dumu lenye alama, mbali na watoto.

Kwenye chupa yetu tumebandika kipande cha plasta. Juu kuna tarehe tuliyochanganya dawa. Chini yake tunachora mstari mmoja kwa kila mkanda, wa kwake kwa wino wa bluu, wa kwangu kwa mwekundu. Mistari ikifika 4, tunamwaga na kuchanganya mpya.